Fedha ya Mtu Aliyeshindwa

Lucius Clodius Macer aliishika Afrika ya Warumi kwa miezi michache tu mwaka wa 68 BK, akauawa, na leo ukilitaja jina lake mbele ya watu kumi waliosoma historia, huenda tisa wakakuuliza ni nani huyo. Hakuacha kitabu. Hakuna hotuba yake iliyobaki. Waandishi wa kale waliomtaja walimpa sentensi mbili tatu, na hakuna hata moja ya kumsifu. Lakini kabla hajafa alifanya jambo moja: aligonga sarafu za fedha zenye jina lake. Hizo zipo. Ni chache mno, zimetawanyika kwenye makumbusho na kwa matajiri wanaokusanya vitu vya kale, na kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikizitazama picha zake kwenye simu saa ambazo watu wenye akili zao wamelala.

Neno Afrika lisikupoteze hapa. Kwa Mrumi wa wakati ule, Afrika halikuwa bara. Lilikuwa jimbo moja, nchi ambayo leo ni Tunisia pamoja na vipande vya Algeria na Libya, na mji wake mkubwa ulikuwa Carthage. Jina la jimbo hilo ndilo baadaye lilivutwa likafunika bara zima mpaka huku kwetu kwenye Ikweta. Kwa hivyo Macer hakuwa mpigania uhuru wa Afrika kwa maana tunayoijua sisi. Alikuwa kamanda wa jeshi la Kirumi, basi. Lakini maneno aliyoyaweka kwenye sarafu zake, ukiyatafsiri, yanasomeka kama bango la kampeni lililobandikwa jana usiku: uhuru, ukombozi, jeshi la Macer.

Sarafu yenyewe inaitwa dinari. Ndiyo, ile ile ya Biblia. Neno lilianzia kwenye Kilatini, denarius, likapita kwa Wagiriki, likapita kwa Waarabu, likafika pwani yetu. Ukisoma katika Mathayo habari za vibarua wa shamba la mizabibu waliopatana dinari moja kwa siku, au Yesu akiomba aonyeshwe sarafu yenye sura ya Kaisari, unasoma kuhusu kipande hiki hiki: kidogo kuliko sarafu yetu ya shilingi kumi, uzito wake gramu tatu na ushee, cheupe kikiwa kipya. Kwetu neno fedha ni madini na ni pesa kwa wakati mmoja. Kwa askari wa Kirumi ilikuwa vivyo hivyo. Hakupewa ahadi ya karatasi. Alipewa madini mkononi.

Na askari ndiye mwenye hadithi hii. Enzi hiyo askari wa kawaida wa lejioni alilipwa dinari 225 kwa mwaka, kwa awamu tatu. Lejioni moja ilikuwa na watu kama 5,000. Piga hesabu: ni dinari zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na hapo hujawagusa maafisa wao, ambao walilipwa zaidi sana. Kwa hivyo mtu yeyote aliyetaka kuasi alikuwa na shida mbili za haraka. Atapata wapi fedha, na watu wake watajuaje kwamba sasa wanamtumikia yeye na si yule wa jana?

Sarafu ilitatua zote mbili kwa pigo moja la nyundo. Kugonga sarafu hakukuhitaji ikulu. Ulihitaji fedha ya kuyeyusha, tanuri, mafundi wachache, na mihuri miwili ya chuma iliyochongwa kinyume. Muhuri mmoja unakaa chini kwenye fuawe, kipande cha fedha kinawekwa juu yake, muhuri wa pili unashikwa juu, nyundo inashuka. Pande zote mbili zinachapika mara moja. Unarudia mpaka mkono uume. Jioni una mshahara, na kila mshahara umebeba jina lako. Hata wale wasiojua kusoma wanaona picha.

Mchezo huu Macer hakuubuni yeye. Mwaka wa 44 KK, Julius Caesar aliweka sura yake kwenye sarafu za Roma akiwa bado hai, jambo ambalo hapo awali waliachiwa miungu na mababu waliokufa. Wengi waliliona ni dalili ya mtu anayetaka ufalme. Tarehe 15 Machi mwaka huo wakamdunga visu. Mmoja wa waliomdunga, Brutus, alikimbilia mashariki akakusanya jeshi, na ilipofika zamu yake ya kulipa askari aligonga dinari yenye visu viwili, na katikati yao kofia aliyovaa mtumwa akishaachwa huru. Chini yake tarehe ya mauaji. Upande wa pili akaweka nini? Sura yake mwenyewe. Yaani alimuua mwenzake kwa kujifanya mfalme, halafu akapiga picha ya pasipoti kwenye pesa. Mimi nikifika hapo huwa nacheka, kisha naacha kucheka, kwa sababu hii ndiyo historia nzima ya wakombozi kwa muhtasari.

Baada ya Brutus akaja Marcus Antonius, yule wa Cleopatra. Mwaka wa 32 na 31 KK, akijiandaa kupigana na Octavian, aligonga dinari nyingi ajabu. Upande mmoja ni merikebu ya vita yenye makasia. Upande wa pili ni tai wa lejioni katikati ya bendera mbili, na nambari ya lejioni inayolipwa. Fikiria wewe ni askari wa lejioni ya tatu, unapokea pesa iliyoandikwa lejioni ya tatu. Hiyo ni heshima. Lakini Antonius alikuwa ameipunguza ile fedha kwa kuichanganya na shaba kuliko kawaida. Akashindwa vita huko Actium tarehe 2 Septemba 31 KK, mwaka uliofuata akajiua, na unadhani pesa zake zilikufa naye? La. Kwa sababu zilikuwa na fedha hafifu, hakuna aliyejisumbua kuziweka akiba au kuziyeyusha. Watu walizitumia tu. Zilizunguka sokoni zaidi ya miaka 200, zikipita mkono kwa mkono mpaka tai akabaki kivuli. Hata Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkeno mwaka wa 79 BK, zimefukuliwa huko.

Octavian aliyeshinda akawa Kaisari Augusto, na kwa karibu miaka mia moja ukoo mmoja ukakaa na nyundo. Sura zilibadilika lakini nyumba ni ile ile: Tiberius, Caligula, Claudius, Nero. Watu wakazoea. Mtoto alizaliwa, akazeeka, akafa, bila kuona sarafu ya mshindani.

Kisha ukaja mwaka wa 68.

Nero alikuwa na miaka 30. Roma ilikuwa imeungua vibaya mwaka wa 64, ujenzi ulikula hazina, na mwaka huo huo dinari ikapunguzwa: zamani ratili moja ya Kirumi ilitoa dinari 84, sasa ikatoa 96, na fedha yenyewe ikawa si safi kama mwanzo. Mwananchi wa kawaida huenda hakuligundua siku ya kwanza. Lakini magavana wa majimbo walikuwa wanatozwa zaidi kila mwaka, na baadhi ya matajiri walikuwa wanauawa ili mali zao zichukuliwe. Mwezi wa Machi 68, gavana mmoja katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, Gaius Julius Vindex, akatangaza kwamba amechoka. Hakujitangaza Kaisari. Alimwandikia Galba, gavana mzee huko Uhispania mwenye miaka 70, akamwomba aongoze. Galba akakubali, lakini kwa ujanja: akasema yeye ni mjumbe wa Seneti na watu wa Roma, hana makuu.

Sarafu zilizogongwa upande wao katika miezi hiyo ni za ajabu kwa sababu nyingi hazina jina la mtu. Zina maneno tu. Roma inazaliwa upya. Uhuru umerudishwa. Wokovu wa wanadamu. Na mojawapo, niliporuka kutoka kwenye kitanda kuitazama vizuri, ilikuwa na kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, katikati ya visu viwili. Mchoro wa Brutus, miaka 110 baadaye. Aliyeichonga alijua kwamba bado kuna watu watakaoelewa bila kuelezwa.

Vindex hakuona matunda yake. Jeshi la Kirumi kutoka Ujerumani lilimponda karibu na mji ambao leo unaitwa Besançon, akajiua. Nero naye alijiua tarehe 9 Juni, Seneti ikiwa tayari imemtangaza adui wa umma.

Sasa turudi Afrika. Macer alikuwa kamanda wa lejioni ya tatu, Legio III Augusta, jeshi pekee la maana katika jimbo lile. Gavana hasa alikuwa mtu mwingine, mwenye cheo kikubwa kuliko cha Macer lakini bila lejioni, kwa sababu miaka kama 30 kabla, Caligula aliogopa kumwachia mtu mmoja jimbo na jeshi pamoja. Macer akaasi. Tacitus anasema aliyemchochea alikuwa mwanamke, Calvia Crispinilla, mtu wa karibu katika jumba la Nero, ambaye alivuka bahari kwenda kumshawishi. Unaweza kuamini au uache. Waandishi wa Kirumi walipenda sana kumtafutia kila muasi mwanamke wa kumlaumu. Lakini Tacitus anaongeza jambo zito zaidi: kwamba mpango ulikuwa kuwatia Warumi njaa.

Hapa ndipo hadithi ya sarafu inakuwa hadithi ya unga.

Jiji la Roma halikujilisha. Wanaume zaidi ya 200,000 walipokea ngano ya bure kila mwezi, huo ulikuwa utaratibu tangu Augusto, na familia zao pamoja na wengine wote walinunua. Ngano hiyo ilitoka ng'ambo. Mwanahistoria Yosefo, aliyeishi enzi hizo, anataja hesabu inayotisha: Misri iliilisha Roma miezi minne ya mwaka, na Afrika miezi minane. Kutoka Carthage mpaka bandari ya Roma ni siku mbili tatu, upepo ukikubali. Mtu mwenye merikebu Carthage alikuwa na mkono kwenye koo la jiji. Mwaka wa 51, ilipobaki akiba ya siku kumi na tano tu, Kaisari Claudius alizungukwa uwanjani na umati uliomrushia vipande vya mkate. Kaisari! Na huo ulikuwa upungufu wa kawaida tu wa mavuno. Macer alitaka kuufanya kwa makusudi.

Sarafu zake zinaonyesha alijua alichoshika. Kwenye moja kuna sura ya Carthage kama mwanamke, na upande wa pili jina la Sicilia pamoja na alama ya kisiwa hicho, miguu mitatu inayozunguka. Sicilia nayo ilikuwa ghala la ngano, na iko katikati ya njia ya meli. Sioni namna nyingine ya kuisoma: jamaa alikuwa anatamani ghala la pili. Kwenye nyingine kuna merikebu ya vita. Kwenye nyingine kuna tai katikati ya bendera mbili na jina la lejioni, muundo ule ule wa Antonius, na pengine askari wake walizitambua mara moja kwa sababu dinari za Antonius zilikuwa bado mifukoni mwao. Alikuwa pia ameunda lejioni mpya kabisa. Akaipa jina lake: Legio I Macriana Liberatrix. Lejioni ya Kwanza ya Macer, Mkombozi.

Kuna nyingine ina kichwa cha simba. Na kuna chache zina sura yake mwenyewe. Kichwa kitupu, hana shada la majani ambalo Makaisari walivaa. Hakujiita Kaisari popote. Cheo alichojipa ni cha mtawala wa Afrika kwa niaba ya dola, na pembeni ya jina lake kuna herufi mbili, S na C, kifupi cha "kwa uamuzi wa Seneti".

Seneti gani? Seneti ilikuwa Roma, ikisubiri ngano. Hatujui kikao chochote ambacho maseneta walimpa ruhusa ya kugonga hata sarafu moja. Herufi hizo mbili ni muhuri wa ofisi uliobandikwa kwenye barua ambayo ofisi haijaiona. Lakini ziangalie tena, maana zina siri. Mtu hatumii jina la taasisi kama halina thamani. Hata muasi mwenye lejioni mbili alihisi kwamba upanga pekee hautoshi, kwamba lazima aonekane ametumwa na mtu. Galba alifanya hivyo hivyo Uhispania. Wote wawili walikuwa wanapigana na dola kwa kutumia barua yake yenye nembo.

Sisi Wakenya mambo ya sura kwenye pesa tunayajua. Katiba ya 2010, Kifungu cha 231, inakataza noti na sarafu zetu kubeba picha ya mtu binafsi, na ndiyo maana sarafu za 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Watu walioandika kifungu hicho walikuwa wameishi na sura mbili tatu mfukoni kwa miongo. Simba wa Macer angeruhusiwa. Sura yake isingepita.

Wakati huo Roma ilikuwa na njaa. Suetonius anasimulia kwamba mwaka huo wa mwisho wa Nero, watu wakiwa wanahangaika na bei ya chakula, ilisikika kuna meli imefika kutoka Aleksandria. Kumbe haikubeba ngano. Ilibeba mchanga wa wanamieleka wa ikulu. Sijui kama kuna picha bora ya utawala uliochoka. Lakini ukimsoma Suetonius peke yake utadhani njaa ile ilikuwa kosa la Nero tu, na ukiisoma sarafu ya Macer peke yake utadhani Afrika ilikuwa inaikomboa Roma. Ziweke pamoja. Mama aliyepanga foleni Roma na gunia tupu alikuwa anabanwa pande mbili, na pande zote mbili zilikuwa zinasema zinampenda.

Hilo ndilo linalonisumbua katika sarafu hizi kuliko uzuri wake. Neno "uhuru" juu ya fedha, na fedha hiyo inalipa mtu wa kuzuia mkate. Kwa Kilatini neno ni LIBERTAS, herufi zimechongwa vizuri, hazina aibu.

Nero alipokufa, Macer hakuwa tena na adui wa kumpinga. Galba ndiye aliyekubaliwa na Seneti. Macer angeweza kurudi kwenye kambi yake na kunyamaza, lakini Plutarch anaeleza kwamba alikuwa ameshafika pabaya: amepora, ameua, hawezi kushikilia madaraka na hawezi kuyaachia. Nadhani kila mtu amewahi kumwona mwanasiasa wa namna hiyo. Anaogopa kutoka ofisini kwa sababu anajua faili lililo mezani. Galba hakujisumbua kutuma jeshi. Alimwagiza Trebonius Garutianus, msimamizi wa mali ya Kaisari huko huko Afrika, na Macer akauawa mwaka huo huo. Lejioni yake ya ukombozi ikavunjwa. Crispinilla, kama kweli ndiye aliyeanzisha yote, alinusurika, akaolewa na mtu mkubwa na akaishi tajiri mwenye watu wa kumnyenyekea. Tacitus anaonekana hajawahi kumsamehe.

Galba naye hakumaliza mwaka kwenye kiti. Walinzi wa Kaisari walikuwa wameahidiwa dinari 7,500 kila mmoja kwa kumtupa Nero, ambayo ni zaidi ya mishahara ya miaka thelathini ya askari wa kawaida. Galba akakataa kulipa, akisema yeye huchagua askari, hawanunui. Ni msemo wa heshima, na ulimuua. Tarehe 15 Januari 69 walimkatakata uwanjani, katikati ya jiji, mchana. Otho akashika kiti kwa miezi mitatu. Alikuwa na upara na alivaa nywele bandia, na kwenye dinari zake zimechongwa kwa mistari iliyopangika kabisa, hata mchongaji hakutaka shida. Upande wa pili wa baadhi yake umeandikwa amani ya dunia nzima. Wakati ule alikuwa anajiandaa kwenda vitani. Alishindwa, akajiua Aprili. Vitellius, aliyemshinda, aligonga mikono miwili iliyoshikana na maneno ya uaminifu wa majeshi. Uaminifu huo ulidumu mpaka Desemba 20, siku aliyoburutwa barabarani na kuuawa.

Aliyebaki alikuwa Vespasian. Majeshi ya Aleksandria yalimtangaza Kaisari tarehe 1 Julai 69, na yeye binafsi hakukimbilia Roma. Alituma wengine wakapigane, akaenda kukaa Misri, kwenye ghala. Na Tacitus anatuambia alikuwa na mpango pia wa kuivamia Afrika kwa nchi kavu na kwa bahari, ili azifunge njia zote mbili za ngano na jiji lisalimu amri kwa njaa.

Soma tena sentensi hiyo. Ni mpango wa Macer. Ni ule ule, kwa meli nyingi zaidi. Tofauti ni kwamba Vespasian alishinda kabla ya kuhitaji kuutimiza wote, akatawala miaka kumi, akaacha wana wawili wa kumrithi na akaanza kujenga ule uwanja mkubwa ambao watalii hupigia selfie mpaka leo, Colosseum. Hakuna anayemkumbuka kama mtu aliyekuwa tayari kuwanyima Warumi mkate. Anakumbukwa kama aliyerudisha utulivu. Sarafu zake zilisema Roma inainuka tena, na kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki na nyundo, ikawa kweli.

Watu wa Afrika wenyewe walikuwa na maoni yao, na hayakufuata mshindi. Vitellius na Vespasian wote wawili waliwahi kuwa magavana huko. Vitellius, ambaye vitabu vinamchora kama mlafi asiye na faida, alikuwa gavana mwadilifu na watu walimpenda. Vespasian, yule shujaa, wakati wake aliwahi kupigwa na turnipsi huko Hadrumetum, mji ambao leo ni Sousa, Tunisia. Turnipsi, bana, zile mboga za mizizi. Ndiyo maana Vitellius alipowaita tena askari wa lejioni ya Macer iliyovunjwa, vijana walirudi kujiandikisha. Mwaka mmoja tu baada ya mkombozi wao kuuawa, walikuwa wanaapa kwa jina la mwingine. Siwalaumu. Dinari 225 ni dinari 225.

Na hofu ya njaa haikuisha na Vitellius. Mwanzoni mwa mwaka wa 70, meli za Afrika zilichelewa kwa sababu ya bahari chafu ya majira ya baridi, na uvumi ukaenea Roma kwamba gavana wa Afrika, Lucius Piso, ameasi. Alikuwa hajaasi. Lakini watu waliozoea kununua chakula cha siku kwa siku waliamini kwamba pwani imefungwa, na upande wa Vespasian ukaona ni salama kumuua kuliko kumwuliza. Wapanda farasi walipovamia nyumba yake alfajiri, hawakumjua kwa sura. Mtumwa mmoja akajitokeza akasema Piso ni yeye. Wakamuua hapo hapo. Kisha wakaelekezwa kwa Piso mwenyewe, wakamuua naye. Tacitus anausifu uongo wa mtumwa yule, lakini jina lake hakuliandika. Hakuna sarafu yake. Katika watu wote waliotajwa kwenye makala haya, ndiye pekee aliyetoa uhai wake kwa ajili ya mtu mwingine, na hatuna hata herufi moja ya kumtambulisha.

Basi kwa nini nijali fedha ya Macer? Wasomi wengi wanapenda sarafu za walioshindwa kwa sababu ndizo sauti yao pekee. Vitabu viliandikwa baada ya vita, na watu wa tabaka la maseneta au marafiki zao, wakijua nani kashinda. Tacitus mwenyewe alikuwa bado mvulana mwaka wa 68. Sarafu iliandikwa wakati matokeo hayajulikani, na mtu aliyeamini, au alitaka waamini, kwamba atashinda. Hakuna aliyeweza kurudi kuihariri. Hilo nakubaliana nalo kabisa.

Lakini sauti ya aliyeshindwa si lazima iwe sauti ya ukweli. Kuna tabia, hasa kwetu sisi vijana tunaopenda kupindua simulizi za wakubwa, ya kudhani kwamba aliyefutwa na historia lazima alikuwa na haki. Ningependa Macer awe hivyo. Mtu wa Afrika, simba, uhuru, halafu anauawa na afisa wa fedha: inavutia mno. Ila nikiigeuza sarafu naona tai na merikebu, na najua merikebu zile zilikuwa za kuzuia nini. Plutarch anaweza kuwa alimchukia bure. Sarafu ni ya Macer mwenyewe, na ndiyo inayomshtaki zaidi.

Anachotufundisha, nikiruhusiwa kutumia neno hilo, ni namna ya kusoma. Ukipewa pesa yenye neno kubwa juu yake, isome pande zote mbili. Upande mmoja utakuambia mtu anataka aitwe nani. Upande wa pili utakuambia anamlipa nani. Kisha uliza swali ambalo halijaandikwa upande wowote: ngano iko wapi, na ufunguo wa ghala ameshika nani?